Huduma ya michezo ya halmashauri: uwanja upo, huduma bado (nyota 2 na nusu)

Nianze na nyota kabisa ili mwenye haraka aondoke nazo: mbili na nusu kati ya tano. Ninachokipima hapa ni huduma ya michezo ya jamii inayotolewa na halmashauri, yani viwanja vya wazi, kumbi, njia za kukimbilia, makocha wa watoto, ratiba, na ule mpango wenyewe unaokaa kwenye makabrasha ya ofisi ya mipango. Sitaji halmashauri yoyote, maana malalamiko haya nimeyasikia kwa watu wa kila upande. Mi ni mtumiaji wa muda mrefu, nacheza, nasaidia kufundisha watoto jioni nikipata nafasi, na vikao vya bajeti nimevikalia mpaka mwisho watu wengi wakiwa washaondoka. Ni huduma ninayoipenda sana na ndo maana naiandikia kwa urefu.

Pale wanapostahili sifa nawapa, na sifa kubwa ni ardhi. Hakuna mtu mwingine anayeweza kuitunza ardhi ya michezo zaidi ya serikali ya mtaa, kwa sababu uwanja wa mpira wa vipimo vya kimataifa ni mita 105 kwa 68, zaidi ya mita za mraba 7,000, na ardhi ya ukubwa huo ikiwa katikati ya makazi kila siku kuna mtu anaipigia mahesabu ya maduka au nyumba. Halmashauri iliyochora eneo la wazi kwenye ramani ya mipango miji miaka ya nyuma na ikakataa kuligawa, hiyo imefanya kazi kubwa kuliko iliyojenga jukwaa la kifahari. Uingereza hili walilishtukia mapema, kuna chama kilianzishwa 1925 kutetea viwanja vya kuchezea na kikaja na kipimo cha ekari 6 kwa kila watu 1,000, kama hekta 2.4 hivi, na kwa miaka mingi England halmashauri ikipata ombi la ujenzi linalogusa uwanja wa michezo imekuwa ikitakiwa kisheria iwaulize kwanza Sport England, shirika la umma la michezo, kabla ya kutoa kibali. Napenda sana kipimo cha namna hiyo kwa sababu kinampa mwananchi kitu cha kushika mkononi, unaweza kusimama kikaoni ukauliza sisi tuko wangapi na ardhi yetu ya michezo ni kiasi gani, na swali la hivyo halijibiki kwa hotuba.

Sasa kinachonikera. Uwanja unajengwa, unazinduliwa, kunapigwa picha, magoli yana neti mpya na mistari imenyooka, alafu hapo ndo huduma inaishia. Mvua za kwanza maji yanatuama mbele ya goli, na ni lazima yatuame hapo kwa sababu ndo sehemu inayokanyagwa kuliko zote, udongo unashindiliwa mpaka maji hayapenyi tena, na kama fundi hakuweka ule mteremko mdogo wa asilimia 1 hivi na mitaro ya pembeni basi mnapata dimbwi kila msimu. Neti zinachanika, chokaa ya mistari inaoshwa na haipakwi tena, choo kinafungwa ufunguo hajulikani anao nani, taa moja ikiungua zinafuata nyingine. Hakuna aliyeiba na hakuna aliyefanya ubaya, ni kwamba kwenye bajeti kulikuwa na fungu la kujenga na hakukuwa na fungu la kutunza. Pesa ya mradi wa maendeleo inatafutwa mara moja na inaonekana kwa macho, pesa ya matumizi ya kawaida inatakiwa kila mwaka na haina utepe wa kukatwa, kwa hiyo ikibidi kupunguza inapunguzwa hiyo.

Na msidhani ni tatizo la wenye uwezo mdogo tu. Ujerumani Magharibi mwaka 1960 walianza kitu walichokiita Mpango wa Dhahabu, wakakaa wakahesabu kila mji una watu wangapi na unahitaji viwanja, kumbi na mabwawa mangapi, wakaweka lengo la miaka 15 na gharama zikagawanywa kati ya miji, majimbo na serikali kuu. Kwa upande wa kupanga mi nawapa nyota tano bila kusita, sijui mfano mzuri zaidi wa michezo ya jamii kupewa hadhi ya barabara na shule. Lakini majengo yale yalizeeka kwa pamoja, na 2018 shirikisho lao la michezo pamoja na vyama vya miji na manispaa walikadiria kwamba ukarabati uliolimbikizwa wa viwanja na kumbi unahitaji angalau euro bilioni 31. Nchi tajiri kabisa, yenye mafundi na kumbukumbu za kila kitu. Kwa hiyo diwani akikwambia tutajenga viwanja kumi, mpigie makofi ila umuulize hapohapo na fundi wa kukata nyasi analipwa kutoka fungu gani.

Hapa niongezee neno kuhusu nyasi bandia maana kila mahali sa hivi ndo ombi la kwanza. Ni nzuri, inabeba mechi nyingi kwa wiki kuliko nyasi za asili, na mvua ikikatika mnaingia. Lakini zulia lake lina umri, kwa matumizi ya kawaida ni kama miaka 8 mpaka 12 hivi alafu linatolewa lote linawekwa jipya, na katikati hapo linataka kupigwa brashi na kuongezewa vijazio, yani mchanga au chembe za mpira zinazojazwa katikati ya nyasi, mara kwa mara, na jua likiwa kali linapata moto kweli, mtoto akianguka anaungua goti. Halmashauri inayoweka nyasi bandia bila kuweka akiba ya kuibadilisha imewakopea watoto deni. Kwa maeneo mengi ningependelea udongo mzuri uliosawazishwa, wenye mteremko na mitaro, ukatunzwa kila mwezi na mtu anayelipwa. Na kama ndo kwanza mnachora uwanja, urefu wake uelekee kaskazini na kusini, ni kitu hakina gharama yoyote ukifanya mwanzoni na kinawaokoa makipa wote watakaosimama pale jioni jua likiwa machoni.

Tuje kwenye ratiba, na hapa ndo ninapotoa nyota chache kuliko kote. Ukienda uwanja wowote wa umma saa kumi na moja jioni utakuta vijana wa kiume na watu wazima wa kiume wanacheza mpira wa miguu. Mi mwenyewe nimo humohumo na sina ugomvi nao, lakini angalia pembeni. Wasichana wako wapi? Wazee je, wamama waliotoka kazini, kijana anayetumia kiti cha magurudumu? Uwanja usiokuwa na ratiba unachukuliwa na wenye nguvu na sauti, hakuna anayefukuza mtu ila hakuna pia anayempisha mwingine, na afisa michezo akiulizwa anasema uwanja uko wazi kwa wote. Kwenye karatasi uko wazi kweli. Takwimu za Shirika la Afya Duniani zinaonyesha zaidi ya asilimia 80 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 duniani hawafikishi kiwango cha mazoezi kinachotakiwa, na wasichana wako nyuma ya wavulana, asilimia 85 kwa 78. Ukiangalia pengo hilo na ukaangalia ratiba ya uwanja wa mtaani, yani unaona vinaongea lugha moja.

Vienna, mji mkuu wa Austria, walilifanyia kazi hili kwa njia ambayo kila afisa mipango angetakiwa aisome. Miaka ya 1990 waligundua kwamba wasichana wakifika kama miaka 9 au 10 wanapungua ghafla kwenye bustani za umma huku wavulana wakibaki, na sababu moja ilikuwa ni viwanja vya kuchezea vilivyozungushiwa uzio vyenye mlango mmoja, kundi la wavulana likishaingia na kukaa karibu na mlango hakuna msichana anayekatiza. Mwaka 1999 wakachukua bustani mbili za majaribio wakavigawanya vile viwanja vikubwa kuwa vidogo vidogo, wakaongeza milango, wakaweka mpira wa wavu na badminton, wakaboresha njia na taa, na wasichana wakarudi. Hawakuweka kibao cha kukataza wavulana, hawakugombana na mtu, walibadilisha mchoro tu. Mi nikisoma hiyo huwa nafikiria vipimo: hapo kwenye uwanja mmoja wa mpira wa miguu vinaenea viwanja kumi vya kikapu hata ukiacha mita mbili kila upande wa kila kimoja. Sisemi tuvunje magoli, mpira ni mchezo wa watu na utabaki. Nasema eneo la michezo likiwa moja tu kwa watu maelfu, kulitoa lote kwa mchezo mmoja ni uamuzi mkubwa na mara nyingi hakuna aliyekaa kuuamua, ulijitokea wenyewe.

Ratiba nzuri haina uchawi. Siku na saa za kila kundi zimeandikwa ubaoni getini na kwenye simu, ufunguo una mtu anayejulikana na namba yake ipo, timu ya wasichana ya netiboli ina saa zake ambazo hazinyang'anywi eti kuna mechi muhimu ya kirafiki, wazee wana asubuhi zao za kutembea, taa zinawashwa mpaka muda fulani na choo kiko wazi muda wote huo. Choo jamani. Nimeona huduma za michezo zinapangwa na watu makini kabisa na choo kinasahaulika, alafu wanashangaa wanawake hawaji.

Na kuna watu wanajitetea kwamba hatuna pesa za kujenga kwa hiyo tusubiri. Hao nawapeleka Bogotá, Colombia. Kule tangu 1974 kuna kitu kinaitwa Ciclovía, Jumapili na sikukuu jiji linafunga barabara zake kubwa kwa magari kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa nane mchana, watu wanaingia na baiskeli, viatu vya magurudumu, mbwa, watoto, wengine wanatembea tu. Kwa miaka mingi ilikuwa ndogo na ikisuasua kila akija meya mwingine, mpaka 1995 ilipokabidhiwa taasisi ya jiji inayoshughulika na burudani na michezo, IDRD, iliyokuwa chini ya Gil Peñalosa, na hapo ndo ikapanuka mpaka kuvuka kilomita 100. Hiyo sehemu ya kukabidhiwa naomba isipitwe. Barabara zilikuwepo, watu walikuwepo na hamu ilikuwepo, kilichoongezeka ni ofisi yenye jina, wafanyakazi wa njiani waliovaa sare na bajeti ya kila mwaka. Pembeni ya njia wakaweka pia madarasa ya mazoezi bustanini yenye walimu, yanaitwa Recreovía, na wanaokuja huko wengi ni wanawake. Utafiti uliochapishwa 2012 ulipiga hesabu ukakuta Ciclovía ya Bogotá inagharimu kama dola 6 za Marekani kwa mtumiaji mmoja kwa mwaka mzima, na kila dola iliyowekwa inaokoa kati ya dola 3.23 na 4.26 za matibabu. Kwa kuanzisha kitu bila kumwaga zege wala kuweka tofali hata moja, nyota tano.

Iceland nao nawataja kwa sababu ya watoto. Mwaka 1998 asilimia 42 ya vijana wao wa miaka 15 na 16 walisema wamelewa ndani ya mwezi uliopita, ikifika 2016 imeshuka hadi asilimia 5, wanaovuta sigara kila siku kutoka 23 hadi 3. Michezo peke yake haikufanya hivyo, walibadili sheria za umri wa kununua pombe na tumbaku, waliweka saa za watoto kurudi nyumbani, wazazi waliingia makubaliano, na kila mwaka waliwauliza vijana wenyewe hali ikoje ndipo wapange. Ila sehemu ya michezo ilikuwa kubwa na iliingia kwenye mpango wa manispaa moja kwa moja: kumbi zilijengwa, makocha wakasomeshwa na kulipwa, na mji mkuu wao, Reykjavík, ukaanzisha kadi ambayo kila mtoto anapata pesa ya kulipia klabu ya michezo, muziki au sanaa anayoitaka, kwa hiyo mzazi asiye nacho mtoto wake anaingia klabu ileile na watoto wa wengine. Mi nimefundisha watoto, najua yule anayeacha kuja mara nyingi hakuchoka na mchezo. Ada ilimshinda mama yake na akaona aibu kusema. Hilo la kadi likifika kwenye bajeti yoyote nitalipigia kampeni nyumba kwa nyumba.

Kuhusu watu wa kujitolea, halmashauri nyingi zinawategemea na zinawachosha. Parkrun ilianza London 2004 wakimbiaji 13 tu kwenye bustani ya Bushy, kila Jumamosi kilomita 5, bure, inaendeshwa na wanaojitolea, leo iko nchi nyingi. Lakini 2016 baraza la parokia ya Stoke Gifford (kule parokia ya namna hii ni serikali ya mtaa ya ngazi ya chini kabisa, si kanisa), hukohuko England, lilipiga kura wakimbiaji wachangie matunzo ya bustani yao, parkrun wakasema kwao ni bure siku zote, na mbio za pale zikafa. Watu wengi walilishambulia lile baraza na mi naliona kosa lake, lakini hoja yake haikuwa ya kipuuzi, mamia ya watu kila wiki wanachakaza njia na mwenye kutengeneza njia ni baraza dogo. Kosa nilionalo ni kwamba hakuna aliyeandika mapema kwenye mpango wowote kwamba kukimbia bure kwa wananchi ni huduma ya umma kama ilivyo taa ya barabarani, na kwamba gharama yake inajulikana na ina mlipaji. Ikishaandikwa hivyo, anayejitolea anakuja kusaidia watu kukimbia badala ya kuja kujadiliana bili.

Kwenye makabrasha yenyewe sasa. Nimesoma mipango ya maendeleo ya halmashauri zaidi ya moja na michezo kwa kawaida inakaa ukurasa wa mwishoni, imeunganishwa na utamaduni na vijana, sentensi mbili za kuhamasisha alafu basi. Maji yana idadi ya kaya zitakazofikiwa, barabara zina kilomita, michezo ina neno kuhamasisha. Wakati vipimo vipo tele. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anahitaji dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki na mtoto wastani wa dakika 60 kwa siku, na mpango wao wa 2018 hadi 2030 unataka watu wasiojishughulisha wapungue kwa asilimia 15. Mwaka 2022 walikuwa asilimia 31 ya watu wazima duniani, karibu watu bilioni 1.8. Halmashauri inaweza kabisa kuandika kwamba kila mkazi awe na mahali salama pa kufanyia mazoezi ndani ya mwendo fulani wa miguu kutoka nyumbani, viwanja vitakuwa wazi saa kadhaa kwa wiki, saa kadhaa kati ya hizo ni za wanawake na wasichana, na mwisho wa mwaka mtu anahesabu. Kuhesabu ni kazi ya kijana mmoja mwenye daftari akae getini wiki moja kila msimu aandike nani kaingia, umri unaokadiriwa, jinsia, anacheza nini. Nimeona jinsi kikao kinavyobadilika pale mtu anapoleta karatasi ya namna hiyo, wale waliokuwa wanabishana kwa hisia wanaanza kubishana kuhusu Jumanne iwe ya kundi gani.

Viwanja vya shule navyo vingetakiwa viwe kwenye mpango huohuo. Vinafungwa kengele ya mwisho ikilia na vinabaki vitupu jioni yote na wikiendi, huku mtaa wa pili watoto wanacheza barabarani. Najua walimu wakuu wana hofu ya vioo kuvunjwa na nani atawajibika, na hofu hiyo ni halali, ndo maana makubaliano yanatakiwa yawe ya halmashauri na shule kwa maandishi, mlinzi alipwe na halmashauri, uharibifu ulipiwe na halmashauri. Pale yalipofanyika hivyo nimeona uwanja wa shule ukitumika vizuri kuliko wa manispaa wenyewe.

Kwa hiyo nyota zangu zimetoka hivi: ardhi nne, ujenzi tatu, matunzo moja na nusu, ratiba moja, watu wake nne maana maafisa michezo niliokutana nao wengi wanaipenda kazi wanaifanya bila usafiri na bila vifaa, na mpango wenyewe moja na nusu. Ukichanganya unapata mbili na nusu. Kikao cha bajeti kijacho nitaenda na maswali mawili tu, fungu la matunzo ya viwanja ni shilingi ngapi na limepanda au limeshuka kutoka mwaka jana, na ratiba ya uwanja inabandikwa lini. Yakijibiwa kwa maandishi nitarudi hapa kupandisha nyota, na kama wewe umeshapata majibu hayo kwenye halmashauri yako yaweke hapo chini na namna ulivyoyapata, tuige.